Siku ya Gari Hatunywi Maji

Kuna mwaka ambao mkojo wangu ulikuwa habari ya familia nzima. Shemeji zangu waliuliza rangi yake kwa simu. Watoto wangu waliuombea mbele ya sahani ya chakula. Mume wangu, ambaye kabla ya hapo hakuwahi kulitaja neno hilo mbele yangu, alijifunza kusema "figo" na "mrija" na "kibofu" kama mtu anayetaja vipuri vya pikipiki. Mwanzoni niliona haya. Baadaye nilichoka kuona haya, na tangu hapo mambo yakawa mepesi kidogo. Ninaandika haya kwa ajili ya mama zangu na dada zangu wa barabara, wale wanaopanda magari ya mizigo kati ya Masisi na Mubi, kwa sababu najua wanachofanya asubuhi ya safari. Hata mimi nilikuwa nafanya hivyo hivyo.

Jina langu kwa watu ni Mama Justin. Nilizaliwa upande wa msituni, Walikale, nikaolewa kwenye vilima vya Masisi, mpakani kabisa, mahali ambapo ukishuka kidogo tu umefika Kashebere. Mume wangu analima maharagi na mihogo. Mimi ni wa biashara. Nateremka Mubi na magunia ya maharagi na jibini, napandisha mafuta ya mawese. Gari ni Fuso, na kiti chetu ni juu ya mizigo, miguu imebanwa kati ya magunia, mkono mmoja umeshika kamba na mwingine umeshika jirani.

Aliyenifundisha barabara ni Mama Zawadi. Alikuwa mkubwa wetu sisi wanawake wa gari, mama mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka kilima cha pili. Siku yangu ya kwanza aliniona nimebeba chupa ya maji, akaninyang'anya.

"Wee bibi harusi, unakunywa maji siku ya gari? Utakojolea wapi, ku kichwa ya shofere?"

Watu walicheka, hata shofere kwenye usukani wake, nami nikacheka. Lakini hiyo ndiyo ilikuwa sheria yenyewe: siku ya gari hatunywi maji. Tunaacha tangu jioni ya kuamkia safari. Njiani tunakula muhogo mkavu na karanga, tunalowesha midomo tu. Wanaume wakitaka kukojoa wanapiga bodi ya gari kwa kiganja, gari linapunguza mwendo, wanaruka, wanageukia msitu, wamemaliza. Mwanamke atageukia wapi? Ukiingia porini, porini kuna watu, na hujui ni watu gani. Ukibaki barabarani, kuna gari zima linakutazama. Kwenye barieri, pale askari wanapofunga barabara, ndiyo usiseme. Basi mwanamke anabana. Gari likikwama kwenye matope tangu asubuhi mpaka jioni, anabana tangu asubuhi mpaka jioni.

Mimi nilikuwa hodari wa kubana. Walinipa jina, Mama Bidoni, kwa kuwa nilifunga kama bidoni, dumu la maji lenye mfuniko mpya. Nililipenda jina hilo. Wasichana walipoanza na sisi, mimi ndiye niliyewaambia maneno yale yale niliyoambiwa mimi.

Maumivu ya kwanza yalinikuta juu ya gari, maharagi yakiwa yanatoa maua kule nyumbani. Yalianzia nyuma, chini ya mbavu za kushoto, yakazunguka tumbo yakashuka mpaka kwenye paja. Yalikuja, yakanikamua, yakaniachia, yakarudi. Nilizaa watoto wanne na sikuwahi kulia, lakini siku ile nililia, halafu nikatapika juu ya gunia la mtu. Mama Zawadi alinishika paji la uso.

"Uko na mimba?"

"Mimba ya nani, Mama? Bwana yangu anarudi ku shamba akichoka namna ile."

Hata katika maumivu yale gari zima lilicheka. Kufika Mubi yakawa yametulia, nikauza maharagi yangu, nikajiambia ni gunia lililonibana vibaya.

Nyumbani nilimweleza mama mkwe wangu, Mama Anjelani. Hapa lazima niseme wazi kwamba mimi na yeye hatukuwa marafiki. Hakunitukana kamwe. Aliniita "bibi ya mutoto wangu," hata nikiwa nimekaa mbele yake, kana kwamba kunitaja moja kwa moja kungemwasha ulimi. Mimi kwake nilikuwa mtu wa msituni, mla nyama za porini, aliyekuja kumfundisha mwanawe kula samaki wa moshi. Lakini mtu akiugua, Mama Anjelani hakuwa na msituni wala kilimani. Alinitazama ninavyotembea nimejikunja, akasema:

"Ile haiko malaria. Ile ni mugongo. Njo ilinikamata wakati nilizaa Papa Justin."

Kila mtu kwetu anaujua mgongo. Si mgongo wa kubebea mtoto, ni ugonjwa wenye jina hilo, na dawa yake ni moja: mizizi inachemshwa, maji yake yanatiwa kwa nyuma kwa ule mpira mdogo wa kukamua. Tunaiita lavema. Wazee wanatiwa, wanaume wanatiwa, vichanga wanatiwa. Mama Anjelani alikuwa na mpira wake mwenyewe, mwekundu, uliopauka kwa kuchemshwa, ukining'inia kwenye msumari karibu na jiko. Alikwenda mwenyewe kuchimba mizizi, akanilaza kwa ubavu, akanitia dawa. Nilikimbia chooni mpaka magoti yakaisha nguvu. Na jambo la ajabu, nilijisikia vizuri. Mtu aliyemwagwa hivyo anajiona mwepesi, anafikiri wepesi ndio kupona.

Tuliendelea hivyo maharagi yakafunga, yakakomaa, yakaanza kukauka. Maumivu yalikuja, mpira ukashushwa msumarini, maumivu yakaondoka. Katikati ya hayo nilipanda gari, nikabana kama kawaida. Mkojo wangu ukawa mchache, kisha ukawa mzito, una rangi ya maji yaliyolowekewa mihogo, na harufu yake vilevile. Nilimwona mume wangu akitoka kitandani na kwenda kulala na watoto, akisema chumba kina joto. Chumba chetu hakijapata kuwa na joto tangu kilipojengwa. Jambo hilo liliniumiza, na sikumwambia.

Nilianguka siku ya kuvuna. Nilikuwa nang'oa maharagi, nikasikia baridi, meno yakagongana na jua linawaka. Mume wangu, Papa Justin, alinibeba mgongoni mpaka kwenye kituo cha afya cha Kashebere, mama yake akitufuata na mpira wake ndani ya kikapu.

Pale kituoni niliketi kwenye ubao na akina mama wa kliniki na watoto wao. Muuguzi alinipa kikopo, akanielekeza chooni. Nilichuchumaa mpaka miguu ikafa ganzi. Hakikutoka kitu. Mama Bidoni, mwenye sifa barabara nzima, alipoombwa tone moja hakuwa nalo. Nilirudi na kikopo kikavu, nikaketi, nikarudi tena, akina mama wakinitupia maneno ya kunitia moyo kama mtu anayejifungua. Mwishowe nilipata kijiko, na kilikuwa na damu. Muuguzi alichovya kijikaratasi chake, akakitazama, akamwita mume wangu nje.

"Hii inapita nguvu yangu, Papa. Iko na usaha. Mumupeleke mbele, na musingoje kesho."

Kwenye hospitali ya Masisi walinipitishia ile mashine ya kutazama tumboni, wakanitia sindano za kushusha homa, wakasema figo la kushoto limevimba, niende Goma. Sikumbuki barabara ya Goma. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa na kiu na sikuomba maji, kwa kuwa nilikuwa ndani ya gari. Mtu anaweza kuwa anakufa na bado anashika sheria za barabara.

Hospitali ya Goma ina baraza refu la kungojea, mabenchi ya mbao pande mbili, na upande wa magonjwa ya mkojo ulikuwa karibu wote wanaume wazee. Kila mmoja alikuwa na mfuko wa plastiki wenye mkojo, ama ameuficha chini ya koti ama ameuning'iniza kidoleni kama mtu aliyetoka sokoni. Niliketishwa karibu na mchungaji mmoja kutoka Hombo. Aliniona ninavyofunika uso kwa kitenge.

"Dada, funua," aliniambia. "Hapa haiko mupasta, haiko mushefu. Kila muntu na mukojo yake."

Alinieleza nani ametoka wapi, nani anangoja nini, choo gani kina mlango unaofunga. Kila nikikumbuka baraza lile namwombea heri, kwa sababu aliniondolea nusu ya aibu yangu kwa sentensi moja.

Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke mfupi, mwenye haraka, miwani imepanda kwenye nywele. Alitukuta wodini, mimi kitandani, mume wangu amesimama, na Mama Anjelani ameketi sakafuni anachambua maharagi kwenye ungo. Kwetu mgonjwa haendi hospitali peke yake. Lazima awe na mtu wa kumpikia, na mtu huyo alikuwa yeye. Daktari alianza kueleza kwa maneno makubwa, akaona nyuso zetu, akachuchumaa, akachukua maharagi mawili kwenye ungo. Akayaweka kwenye kiganja cha mama mkwe wangu.

"Mama, mafigo iko mbili, namna hii, sura yake njo hii. Zinakaa huku nyuma, chini ya mbavu. Damu yote inapita mule, inachujwa, uchafu inatoka na maji. Hayo maji yanashuka na kamurija kamoja kembamba sana, upande na upande, mpaka ku kibofu. Kwa mutoto wako, jiwe imefunga kamurija ya kushoto. Maji haina njia. Imerudi juu, figo imevimba, iko na usaha."

Mama Anjelani aliyatazama yale maharagi.

"Basi haiko mugongo?"

"Iko ndani ya mugongo, Mama. Lakini haiko mugongo."

Halafu daktari akanigeukia mimi. Aliuliza ninakunywa maji kiasi gani. Nilimweleza sheria ya gari. Alifunga macho kidogo. Akasema wanawake wa barabara wanamjia kila mara, na mawe yao yanafanana, maana mkojo unaokaa ndani bila maji ya kutosha unaganda mchanga, na mchanga unazaa mawe. Kisha akauliza swali la pili, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Nani alikuwa anakutia dawa ya miti? Damu yako inaonyesha. Ile miti ingine inachokesha mafigo, na wewe zako zilikuwa tayari zimechoka. Ni nani?"

Mkono wa Mama Anjelani ulisimama juu ya ungo. Papa Justin alinitazama mimi, kisha akaanza kumgeukia mama yake, na niliona shingo yake imejaa. Alikuwa hajalala siku kadhaa, ameuza mbuzi, ameogopa, na alihitaji mtu wa kumlaumu. Kama neno la lawama lingetoka pale, lisingefutika tena nyumbani kwetu.

"Ni mimi," nilisema. "Nilikuwa najitia mwenyewe."

Uongo mtupu. Hakuna mwanadamu anayeweza kujifanyia vile peke yake na akaweza kusimama. Daktari alijua, nadhani hata mume wangu alijua. Lakini neno lilikuwa limesemwa, na hakuna aliyeliokota. Mama Anjelani aliinamisha kichwa akaendelea kuchambua, polepole, akatupa hata maharagi mazima.

Kilichokuwa hatarini daktari alikisema mbele yetu wote. Watanitoboa nyuma, chini ya mbavu, wapitishe mrija mpaka ndani ya figo, mkojo utoke moja kwa moja kwenye mfuko. Kwanza utatoka usaha. Usaha ukiisha, ndipo tutajua. Kama figo lina uhai, mfuko utajaa mkojo, nao watalitunza, watatoa jiwe tu. Kama limekufa, mfuko utabaki mtupu, nao watalitoa lote.

"Muntu anaweza kuishi na figo moja," nilisema. Nilikuwa nimeyasikia hayo kwa mchungaji wa Hombo.

"Anaweza. Lakini ile ya kuume yako nayo iko na muchanga. Sitaki nikuache na ile peke yake."

Basi maisha yangu yakawa kwenye mfuko. Nilikuwa siwezi kulala chali wala ubavu wa kushoto. Mrija uliwasha pale unapoingia, ngozi ikawa nyekundu na yenye majimaji. Nilikonda mpaka pete ikawa inazunguka kidoleni, nywele zikakatika mbele, miguu ikavimba na kuacha shimo ukiibonyeza. Nilikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, nanuka kama mtoto aliyelala na nepi. Siku moja Papa Justin alinisaidia kuvaa, akaugusa mrija kwa bahati mbaya, nikapiga kelele, na tangu siku hiyo akawa ananishika kwa ncha za vidole kama sahani ya watu. Nilimwambia, "Sitavunjika." Alisema, "Najua," akaenda nje. Baadaye alirudi Masisi kuangalia watoto na mashamba, na nilifurahi alipoondoka, Mungu anisamehe, kwa kuwa nilichoka kuona hofu yake kila nikifumbua macho.

Aliyebaki ni mama mkwe. Na mfuko aliuchukua yeye.

Hatukuzungumza kuhusu ule uongo. Lakini tangu siku ile hakuna muuguzi aliyeruhusiwa kumwaga mfuko wangu kabla Mama Anjelani hajautazama. Aliuinua kwenye mwanga wa dirisha, akafumba jicho moja, kama anayepima mafuta yaliyochanganywa na maji. Usaha ulitoka, mwingi, wa kijani. Kisha ukapungua. Kisha mfuko ukakaa siku nzima na tope kidogo tu chini, na siku iliyofuata vilevile. Daktari alipopita alisema, "Tungoje kidogo," lakini miwani aliishusha puani, na nilijua maana yake. Niligeukia ukuta. Niliwaza upande wangu wa kushoto kuwa nyumba iliyohamwa. Niliogopa waziwazi, si kufa hasa, bali kuishi nikihesabu kila homa na kila sikukuu nikiwa na figo moja la mchanga.

Mama Anjelani hakusema neno la faraja. Hajui kusema hayo. Alinijazia kikombe maji yaliyochemshwa, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza, akajaza tena. Nikisema nimeshiba, ananiambia, "Kunywa. Hapa haiko mu gari." Asubuhi hivyo, mchana hivyo. Nilianza kumchukia tena kama zamani.

Halafu, mchana mmoja nikiwa nasinzia, nilisikia kelele wodini. Nikafumbua macho. Mama mkwe wangu alikuwa ameuchomoa mfuko kwenye mrija, amejifunga kitenge kifuani, anaupitisha kitanda kwa kitanda.

"Muangalie! Muangalie! Iko natumika! Haragi yake iko natumika!"

Mkojo ulikuwa nusu ya mfuko, wa manjano, mwangavu, mzuri. Wagonjwa wengine walipiga makofi. Mama mmoja aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo alimwomba asimchekeshe, nyuzi zitakatika. Muuguzi alikuja mbio kumnyang'anya, naye akakataa kuuachia mpaka daktari auone. Daktari alikuja, akauinua kwenye mwanga, akafumba jicho moja kama yeye. Akasema, "Tunaibakisha." Nililia mbele za watu wote na sikufunika uso.

Kule nyumbani walikuwa wanapanda maharagi ya msimu wa pili niliposhushwa kwenye chumba cha upasuaji. Jiwe lilikuwa dogo. Nilitegemea jiwe la kuwekea sufuria, nikaonyeshwa kitu kidogo kuliko haragi, chenye miiba miiba, rangi ya kahawia. Mama Anjelani alilitazama kwa dharau.

"Kakitu ka namna hii njo kalitaka kutuulia muntu?"

Akaomba apewe. Sijui alilipeleka wapi. Mrija walinitoa baadaye, shimo likafunga, likaacha kovu la mviringo ambalo mtoto wangu mdogo anaita kitovu cha nyuma. Figo lenyewe halikurudi zima. Daktari alisema linafanya kazi kidogo kuliko mwenzake, na hiyo inatosha mradi nisilirudishe kwenye taabu ile. Ninywe mpaka mkojo uwe mweupe. Na nikisikia haja, niende hapohapo. "Kubana, Mama, njo imekwisha," alisema. "Upande ule ukifunga tena, sitakuwa na kitu ya kutunza."

Nilirudi nyumbani mahindi yakiwa kifuani. Papa Justin alikuwa amerudisha godoro lake chumbani kwetu. Kilichotugombanisha kilikuwa barabara. Alisema sitapanda gari tena, nilime naye. Nilijaribu. Lakini mimi si mtu wa jembe, na nyumba yetu ilikuwa imezoea mafuta na chumvi zangu, na kusema kweli niliikumbuka barabara, vumbi lake, kelele zake, hata matusi ya shofere. Nilimwambia nitakwenda, nitakunywa, nitashuka kukojoa. Akaniuliza, "Utashukia wapi? Ni nani atasimamisha Fuso kwa mukojo ya mwanamuke?" Lilikuwa swali la kweli, na figo langu lilitegemea jibu lake.

Jibu lilitoka kona ya jikoni.

"Ataenda," Mama Anjelani alisema. "Mi naenda naye. Niko na ndugu kule Mubi, nataka nimusalimie."

Mama Anjelani hana ndugu Mubi. Hajawahi kushuka msituni maisha yake yote.

Tulipanda gari kiangazi kikiwa kimeshika, barabara kavu. Mama Anjelani alipandishwa juu ya magunia kama gunia, na fimbo yake, na bidoni dogo la maji yaliyochemshwa amelifunga kwa kitenge kiunoni. Mama Zawadi alinikumbatia, akalia kidogo, kisha akaona lile bidoni.

"Mama, siku ya gari..."

"Najua sheria yenu," mama mkwe wangu alimkatiza. "Ilinilalisha Goma." Akanimiminia kikombe. Nikanywa, gari zima likinitazama, wasichana niliowafundisha mimi mwenyewe wakinitazama. Nilikuwa nimekauka mdomo kwa woga hata maji hayakuwa na ladha.

Tulipita Kashebere, tukaingia msituni. Haja ilikuja mapema kuliko nilivyotaka. Nilingoja kidogo, kwa mazoea, nikijiambia mbele kuna kijiji. Nikasikia upande wa kushoto umeanza kuwa mzito, uzito ule ule ninaoujua. Nilifikiri nimeficha. Lakini Mama Anjelani alikuwa ameuchunga mkojo wangu muda mrefu kiasi kwamba alinitazama mara moja tu usoni.

Akainuka kwa magoti juu ya magunia, akapiga paa la kabini kwa fimbo.

"Shofere! Simama!"

Sauti ya shofere ilitoka chini. "Kuko nini, Mama? Hapa haiko fasi ya kusimama!"

Akapiga tena, kwa nguvu iliyobonyeza bati. "Simama! Mutoto wangu anataka kukojoa!"

Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kuitwa hivyo na mdomo ule. Gari lilisimama. Sijui kama ni kwa ajili ya maneno au kwa ajili ya bati. Nilishuka, naye akateremshwa nyuma yangu, akafungua kitenge chake cha juu, akakinyoosha kwa mikono miwili kati yangu na watu. Kitenge kimoja hakitoshi kumzunguka mtu. Nilichuchumaa huku nusu yangu iko nje. Ndipo nikasikia mtu mwingine anaruka, kisha mwingine. Wale wasichana walishuka, kila mmoja na kitenge chake, wakashikana ncha kwa ncha mpaka nikawa ndani ya ua. Nilikojoa katikati ya barabara ya Walikale, mchana, bila kuona wala kuonekana na mtu. Nilipomaliza aliingia mmoja wa wale wasichana, kisha mwingine, tukipokezana nguo.

Juu ya gari alibaki Mama Zawadi, ameketi na kamba yake mkononi, anatazama mbele. Shofere aliwasha injini. Tukaanza kukunja vitenge.

"Mungoje," Mama Zawadi alisema.

Hakutumia ile sauti yake ya ng'ombe. Alishuka polepole, akishika kiuno upande wa kulia, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba huyu mama alikuwa anaumwa siku nyingi. Tulinyoosha vitenge tena. Alikawia mno, akisimama kidogo na kuanza tena, na hakuna aliyemcheka. Shofere akapiga honi, ndefu.

Mama Anjelani hakugeuka. Mikono yake ilikuwa juu, imeshika nguo.

"Piga tu," alisema. "Ba mama wote wako nakojoa."